Sura ya Sita: Anayepiga Analipa Nini?

Ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" umeishi Tanzania miaka mingi kiasi cha kugeuka utani wa vijiweni, na bado unatumwa kila siku. Kwa hesabu ya kawaida ulipaswa kuwa umekufa zamani, maana ni vigumu kumpata mwenye simu asiyeujua. Lakini anayeutuma hafanyi hesabu ya kawaida. Hahitaji kuaminiwa na wengi, anahitaji mmoja. Kati ya wote wanaoupokea asubuhi moja, yupo ambaye usiku uliopita alimwahidi mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu, au aliyekubaliana na fundi kwamba atamtumia hela ya saruji kabla ya saa nne. Kwa mtu huyo ujumbe haunuki utapeli hata kidogo. Unamjia kama mwendelezo wa mazungumzo aliyoyaanza yeye mwenyewe, na yale maneno "jina litakuja fulani" yanamwondolea hata wasiwasi mdogo ambao angeupata kwa kuona jina geni kwenye muamala. Wengine wote wanaocheka, kufuta au kutukana hawamgharimu mtumaji chochote. Vifurushi vya meseji ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa kwenye menyu ya mtandao wowote nchini.

Nimeanza na ujumbe huo kwa sababu ndani yake imo biashara nzima ya usumbufu wa simu, iwe ya tapeli, ya kampuni ya kubashiri, ya mganga anayesaka wateja wa pete za bahati, au ya mkopeshaji anayemwandama mtu kwa deni la mtu mwingine. Gharama ya kumfikia mtu mmoja imeshuka hadi kukaribia sifuri, na mapato yanatoka kwa wachache wanaoitikia. Penye hesabu ya namna hiyo wasumbufu wataongezeka tu, mpaka kumfikia mtu kuanze kugharimu au wanaoitikia wapungue. Kwa hiyo kila dawa tunayopewa ya simu zisizotakiwa inafaa ipimwe kwa swali moja: inamwongezea mpigaji gharama, au inampunguzia mapato? Isiyofanya lolote kati ya hayo inatuliza hasira ya mpokeaji. Kutuliza hasira nako kuna faida yake, ila simu zitaendelea kuita.

Kwa kipimo hicho, kitufe cha kuzuia namba, ambacho ndicho ushauri wa kwanza wa kila mtu, kinapata alama ndogo. Kinafaa sana dhidi ya mtu mmoja mwenye namba moja: mchumba wa zamani, mdai king'ang'anizi, wakala wa bima asiyesikia la hapana. Dhidi ya anayetuma ujumbe kwa maelfu hakina nguvu, kwa kuwa yeye hakukulenga wewe, hatajua kwamba umemzuia, na kesho atatumia laini nyingine. Ushauri wa pili, wa kuificha namba yako isijulikane, una kasoro ya kina zaidi. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi ukihesabu sifuri ya mwanzo. Tatu za kwanza, kama 075 au 071, zinajulikana na kila mtu; zinabaki saba, na tarakimu saba zinatoa namba milioni 10 kwa kila kiambishi. Viambishi vyenyewe havifiki ishirini, na laini zilizosajiliwa nchini zilikuwa zaidi ya milioni 80 kufikia mwisho wa 2024. Maana yake ni kwamba mtu anayebuni tarakimu saba kwa kubahatisha hakosi sana. Hana haja ya kununua orodha wala ya kukufahamu. Akitaka na jina lako, anaanza muamala wa kukutumia shilingi mia tano, mfumo unamwonyesha jina la mwenye laini ili ahakikishe hakosei, kisha anaghairi. Kinga iliyowekwa kwa nia njema, ili tusitume pesa kwa mtu siye, imekuwa pia kitabu cha majina na simu kilicho wazi kwa yeyote. Basi anayekupigia na kukutaja kwa majina yako matatu hajathibitisha kitu chochote juu yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni matatizo ya nchi changa, na kwamba wenzetu waliyamaliza kwa sheria. Mfano wa Marekani unasema vingine. Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilifungua daftari la kitaifa la wasiotaka kupigiwa simu za matangazo. Wananchi walilikimbilia, na leo lina namba zaidi ya milioni 200. Kampuni halali zililitii, kwa sababu zina anwani, zina mali, na zinaweza kutozwa faini. Wale wasio halali waliendelea, na zaidi ya miaka ishirini baadaye Wamarekani bado wanapokea mabilioni ya simu za mashine kila mwezi. Sababu kubwa ni kwamba simu inayopitia intaneti inaweza kubebeshwa namba yoyote ya kuonekana kwenye kioo cha mpokeaji, na kubadilisha namba hiyo hakugharimu kitu. Kuripoti namba ya namna hiyo ni kumripoti mtu asiye na kosa ambaye namba yake imeazimwa bila yeye kujua. Bunge lao lilipitisha sheria mpya Desemba 2019, na kufikia mwisho wa Juni 2021 kampuni kubwa za simu zililazimika kuweka mfumo wa kuthibitisha kwamba namba inayoonekana kweli ni ya anayepiga. Mfumo huo umesaidia, lakini unafanya kazi kwenye mitambo ya kisasa tu, na mitambo ya zamani ilibaki kuwa uchochoro.

Mfano huo una faida kwetu kwa sababu ya tofauti iliyopo. Tapeli wa Tanzania, kwa sehemu kubwa, hapigi kwa namba ya kubuni. Anapiga kwa laini halisi iliyosajiliwa, na tangu Mei 2019 laini inasajiliwa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Muda wa mwisho ulikuwa Desemba 31 mwaka huo, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikuhakikiwa zikaanza kufungwa. Pingamizi hapa linajileta lenyewe: kama kila laini ina kidole cha mtu, mbona matapeli hawajaisha? Hawajaisha kwa sababu kidole kinachotumika mara nyingi ni cha mtu mwingine. Mteja anafika kwa wakala wa barabarani kusajili laini moja, anaambiwa mashine haijasoma, anaweka kidole mara ya pili na ya tatu, na anaondoka na laini yake huku nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake ikibaki mezani. Wapo pia wanaouza usajili wao kwa hiari, kwa elfu chache, bila kufikiri kwamba polisi watakapoifuatilia laini hiyo watafika mlangoni kwao kwanza. Ni kweli basi kwamba usajili haukuwamaliza matapeli, lakini umewafanyia jambo lingine ambalo halisifiwi inavyostahili: umewapandishia gharama. Laini ya utapeli sasa inapaswa kununuliwa kwa mtu, kuibwa kwa ujanja, au kupatikana kwa kumshawishi wakala aweke kibali chake rehani. Ni mali yenye bei, na mali yenye bei inaweza kuunguzwa.

Kuunguza huko ndiko kuripoti, na hapa nadhani Watanzania wengi wanaidharau silaha iliyo nzuri kuliko wanavyoijua. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, pamoja na namba iliyoutuma. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Kwa Wakenya walio kwenye mtandao wa Safaricom, namba ya kupeleka ujumbe kama huo ni 333. Wanaoripoti mara moja na kuacha hulalamika kwamba walituma na bado wanasumbuliwa. Malalamiko hayo yanapima matokeo mahali pasipo sahihi. Kuripoti kwako hakukulindi wewe, kwa kuwa ujumbe umeshafika na umeshautambua. Kunamlinda yule wa mia tisa kwenye orodha ya siku hiyo, ambaye laini ikifungwa saa tano badala ya jioni hatafikiwa, au akiwa ameshatuma, pesa yake inaweza kukutwa bado haijatolewa. Laini inayoishi saa tatu badala ya siku tatu inamlazimu tapeli kununua nyingi zaidi ili apate kilekile. Taarifa hizi pia zinajenga ramani: ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikitaja mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai, na Rukwa na Morogoro zimeonekana juu mara kwa mara. Polisi hawawezi kwenda kwenye wilaya ambayo hakuna aliyeitaja. Upande wa pili wa kazi hiyohiyo ni kupiga *106# ili uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika ikaondolewe. Kila laini inayoondolewa hivyo ni chombo cha kazi kilichotoka mkononi mwa mtu.

Hadi hapa tumezungumzia gharama. Upande wa mapato ni mgumu zaidi, kwa sababu mapato ya msumbufu ni tabia zetu. Simu inayolia mara moja na kukatika kutoka nchi usiyo na ndugu wala biashara inatupata kwa adabu yetu tu: tumezoea kubipiana, na bipu kwetu ni ombi la kupigiwa. Ulaghai huu, ambao duniani unajulikana kwa jina la Kijapani la wangiri, unategemea upige wewe kwenda kwenye namba ya nje ambayo kila dakika yake inatozwa bei kubwa, na sehemu ya bei hiyo inamwendea aliyekubipu. Dawa yake ni kutorudisha simu, basi. Haihitaji programu wala ripoti. Kuna wanaofurahia kumjibu tapeli, kumzungusha, kumuuliza habari za mama yake, na wana hoja ya kiuchumi: muda anaoupoteza kwao hatautumia kwa mwingine. Kwa simu ya ana kwa ana hoja hiyo ina ukweli, na kama mtu ana saa ya kupoteza sina ugomvi naye. Ila muda wa tapeli ni wa bei rahisi kuliko wa wengi wetu, na namba iliyojibu, hata kwa matusi, imethibitisha kwamba ina mtu nyuma yake. Kwa tapeli namba iliyothibitishwa ina thamani kuliko iliyobahatishwa.

Ushauri wa "usipokee namba ngeni" unatolewa kwa wepesi na watu wenye mishahara. Simu za iPhone zimekuwa na uwezo wa kunyamazisha wasiojulikana tangu 2019, na simu nyingi za Android zina namna zake. Lakini dereva wa bodaboda, fundi bomba, mama anayepika vitafunwa vya sherehe na dalali wa vyumba wanaishi kwa namba ngeni. Kwao kunyamazisha wasiojulikana ni kufunga duka. Hata mwenye mshahara ana mtoto shuleni na mzazi hospitalini, na habari mbaya haichagui namba ya kupigia. Ndiyo maana mpaka unaofaa hauwekwi kwenye kupokea, unawekwa kwenye kutekeleza. Pokea, sikiliza, halafu lolote linalohusu pesa, namba ya siri, au tarakimu zilizokuja kwa meseji usilifanye ndani ya simu hiyohiyo. Kata, upige wewe kwenye namba uliyokuwa nayo kabla ya leo. Anayejiita huduma kwa wateja, kampuni yake inapatikana kwa 100. Anayejiita mwalimu na kusema mtoto ameanguka na daktari anadai fedha za haraka, namba ya mwalimu wa darasa inapaswa iwe imehifadhiwa tangu siku ya kuandikisha. Hofu ya mzazi ndiyo inayouziwa hapo, na tapeli anajua kwamba akikupa dakika tano za kupiga simu nyingine biashara yake imekwisha. Kwa hiyo atasisitiza usikate. Kusisitizwa usikate ni sababu tosha ya kukata.

Afrika Mashariki kuna kitu kinachoipa namba ya simu thamani isiyo ya kawaida. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo namba ya mtu imekuwa pia pochi yake, na kwa wengi ndiyo akaunti pekee waliyo nayo. Tunaitoa bila kufikiri kwa muuza mkaa, kwa kondakta wa basi la mkoani, kwa duka la dawa, kwa kikundi cha vikoba, na namba hiyohiyo ndiyo inayofungua salio. Kutenganisha mambo haya mawili kunapunguza thamani ya kila simu inayokufikia. Laini moja ibaki ya pesa, benki na ndugu wa karibu; nyingine, ya mtandao tofauti, ndiyo iandikwe kwenye matangazo, fomu na madaftari. Tapeli akiipata ya pili amepata namba isiyo na pochi, na simu kutoka "benki" ikiingia kwenye laini ambayo benki haiijui imejisema yenyewe. Watasema kuwa na laini mbili ni gharama. Simu za laini mbili, hata za vitufe, ndizo zinazojaa madukani Kariakoo, na laini ya pili haihitaji kifurushi cha kila siku. Inahitaji tu itumike mara moja moja, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. (Hiyo nayo ni chanzo cha usumbufu ambacho watu hawakifikirii: ukinunua laini mpya ukaanza kudaiwa na mtu usiyemjua, huenda umerithi namba ya mdaiwa. Kampuni yako inaweza kukubadilishia.) Pingamizi lenye uzito ni kwamba kutenganisha namba leo hakuwezi kufuta miaka kumi ya kuitoa ile ya zamani. Ni kweli. Anayeanza sasa ni afadhali aipe laini mpya kazi ya pesa na kuiacha ya zamani iendelee kuwa ya hadharani kama ilivyokuwa.

Lakini sehemu kubwa ya namba yako haiko mikononi mwako kabisa, iko kwenye simu za watu wengine. Mikopo ya mtandaoni ndiyo iliyotufundisha jambo hili kwa ukatili. Mtu anapakua programu ya mkopo, inamwomba ruhusa ya kusoma majina aliyohifadhi, anakubali kwa sababu ana dharura, na akichelewa kulipa siku mbili, shemeji yake, bosi wake na fundi cherehani wake wanaanza kupigiwa na kutukanwa. Hao hawakukopa, hawakudhamini, hawakupakua chochote. Kosa lao ni kujulikana na mkopaji. Kenya, ambako sheria ya ulinzi wa data ni ya 2019, ilianza mapema kuadhibu tabia hii. Aprili 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 za Kenya baada ya malalamiko yaliyokaribia 150, na Septemba mwaka huohuo Mulla Pride, wamiliki wa KeCredit na Faircash, wakatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Kati ya matukio hayo mawili, Mei 2023, Google iliziondolea programu za mikopo za dukani kwake ruhusa ya kusoma majina na picha za mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Hatua hizi hazijamaliza tatizo, kwa kuwa programu iliyofungiwa inaweza kurudi kwa jina jipya na kusambazwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kupita dukani. Hata hivyo zinaonyesha wapi gharama inauma. Kumzuia mdai mmoja hakukumsaidia shemeji wa mtu yeyote, lakini kuondoa ruhusa ya kusoma majina kulikata malighafi ya biashara nzima kwa siku moja.

Ukishaliona hilo, programu kama Truecaller inaonekana kwa sura mbili. Ni ya kampuni ya Uswidi iliyoanzishwa 2009, na inafanya kwa ustadi kile inachoahidi: inakuambia anayepiga ni nani kabla hujapokea, na kama wengi wamemtia alama ya usumbufu inakuonya. Kwa mtu anayelazimika kupokea namba ngeni hiyo ni faida halisi. Ila imejua majina hayo kwa sehemu kubwa kutoka kwenye orodha ambazo watumiaji wake walihifadhi kwenye simu zao, pamoja na namba za watu ambao hawakuulizwa. Siilaani. Naona tu kwamba mtu anayechukia kampuni ya mkopo kusoma majina ya ndugu zake anapaswa angalau kusimama kidogo kabla ya kuyatoa majina hayohayo kwa kampuni nyingine yenye tabasamu. Akiamua kuitumia, anaweza kuinyima ruhusa ya majina. Na asiyeitumia anaweza kuomba namba yake iondolewe kwenye tovuti yao.

Kundi la mwisho la wasumbufu ndilo rahisi kuliko yote kulidhibiti, na ni ajabu kwamba ndilo tunalolivumilia zaidi: kampuni halali. Matangazo ya kubashiri, miito, vichekesho vya kila asubuhi, punguzo la bei la duka uliloingia mara moja, na huduma ambazo mtu anagundua amejiunga nazo pale salio linapokatwa. Hawa wana ofisi na leseni, kwa hiyo gharama inaweza kuwafikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kumtaka mwenye taarifa zake aache kuzitumia kumtangazia biashara. Kwa kampuni kama hizi, kujibu neno la kujiondoa kwenye namba fupi iliyotuma tangazo ni salama na inafaa, kinyume kabisa na kumjibu tapeli. Kigezo cha kutofautisha ni kwamba tangazo halali linatoka kwa jina au namba fupi ya kampuni unayoijua, wala si namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Mjini Nairobi wengi wanajua *456*9*5# ya kuzima matangazo ya Safaricom, lakini inasikitisha kwamba mteja ndiye anayepaswa kukariri namba ndefu ili aachwe, na siyo kampuni kuuliza kwanza.

Hapo kuna mabishano ya kweli, maana wapo wanaosema kwamba kudai idhini kwanza kutaua biashara ndogo. Muuza vitenge asiye na hela ya bango ana meseji tu, na akikatazwa kumtumia asiyemruhusu ataishi vipi? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wanaotujaza meseji wangekuwa wauza vitenge. Muuza vitenge anatuma kwa wateja wake waliompa namba wakitaka kujulishwa mzigo ukiingia, na hiyo ndiyo idhini yenyewe, hata kama hakuna fomu iliyojazwa. Anayeumizwa na sharti la idhini ni yule anayetuma kwa laki tano wasiomjua akitegemea mia. Ujerumani imedai idhini ya wazi kabla ya simu ya tangazo kwa miaka mingi, na Ufaransa, iliyojaribu kwanza daftari la kujiondoa kama la Wamarekani, mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kuhamia kwenye idhini kuanzia Agosti 2026. Nchi iliyojaribu daftari kisha ikachagua idhini inatupa sababu ya kutopitia kwanza njia iliyoshindwa. Daftari la kujiondoa linamtwika anayesumbuliwa mzigo wa kazi. Idhini inamtwika anayetaka kufaidika.

Yapo pia madaftari yetu wenyewe, ambayo hakuna tume itakayoyafikia kama sisi hatutaki. Daftari la mlinzi getini, lililo wazi, lenye jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha kila aliyeingia tangu Januari, na kila mgeni anayeandika anasoma kurasa za waliomtangulia. Daftari la wakala wa pesa, lenye namba na kiasi. Na zaidi ya yote, orodha ya michango ya harusi. Kwa tapeli hakuna hati nzuri kuliko hiyo: majina kamili, mara nyingi pamoja na uhusiano na bwana harusi, kiasi ambacho kila mmoja ameahidi, nani amemaliza na nani anadaiwa, yote kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ambao namba zao zinaonekana na kila aliyeongezwa, akiwemo yule ambaye hakuna anayemkumbuka aliongezwa na nani. Mtu huyo akituma "mweka hazina amebadilisha namba, michango iliyobaki tuma hapa", ametuma kwa watu ambao kweli wanadaiwa, kiasi wanachokijua, kwa tarehe inayokaribia. Kamati zinaweza kulifunga pengo hili bila gharama. Kundi liwe la kamati peke yake. Wachangiaji watumiwe taarifa kwa orodha ya matangazo, ambayo kila mpokeaji anaiona kama ujumbe wake mwenyewe na haoni namba za wengine. Orodha ya waliolipa itolewe kwa jina na kiasi bila namba. Namba ya kupokea michango itangazwe kwenye kadi tangu mwanzo, ikiwa na jina litakalotokea kwenye muamala, pamoja na sentensi moja kwamba haitabadilika hadi siku ya harusi.